Wakuu, mkanda wa taa au projekta? Kazi ya mwaka wa mwisho, zimebaki siku 9

#1 NuruKidogo (mleta uzi)
Habari za muda huu wakuu. Nimekwama na usingizi sina, naomba ushauri wa haraka.

Tupo wanafunzi watatu, tunasoma usanifu, mwaka wa mwisho. Kazi ya kufungia masomo lazima ichanganye sanaa, teknolojia na usanifu, na mada tuliyopewa ni anga za mbali. Tumesuka tufe la waya, kipenyo mita moja na ushee, tukalizungushia mkanda wa taa za LED 300, zile ambazo kila taa unaiamuru peke yake. Linapiga kama moyo. Tumeliita "Pulsa". Kwa asiyejua, pulsa ni kiini cha nyota iliyokufa, kimejikaza kikawa kidogo mno, kinazunguka huku kikimulika mawimbi ya redio kama taa ya mnara wa kuongozea meli. Kila mmuliko ukikupitia unapata pigo moja.

Shida ni hii. Nikipandisha mwangaza ili lionekane ukumbini, taa za mwanzo zinawaka nyeupe safi, za katikati zinapiga unjano, za mwisho zinakuwa nyekundu kama makaa. Nawaza kuachana na taa nilimulike tufe kwa projekta. Mnaonaje?

#2 fundiwaya
Umeme unachoka njiani. Shaba ya mkanda ni nyembamba, volti 5 ulizoingiza mwanzoni zinafika mwisho zimepungua. Bluu na kijani zinahitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo ndizo zinazofifia kwanza, nyekundu inabaki peke yake. Vuta waya mnene wa chanya na wa hasi, uuingize mwisho wa mkanda na katikati pia. Waya wa data unabaki palepale mwanzoni. Projekta ya nini?

#3 Mzee wa Kimya
Siku 9! Kijana, mlipewa mada lini? Maana najua mlipewa miezi mingi nyuma. Ndiyo maana kizazi hiki kila kitu ni usiku wa mwisho, halafu mnakuja humu kusema usingizi hamna.

#4 Kimondo
Libadilisheni jina liwe Mirihi. Wekundu mnao tayari, kazi imeisha.

#5 Chaki
Umenikumbusha mbali sana mdogo wangu. Sisi mada yetu ilikuwa hiyohiyo, anga. Nikaamua kukunja karatasi kwa mkunjo wa Miura, ule wa Koryo Miura wa Japani, uliotumika kwenye paneli ya sola ya chombo cha Space Flyer Unit kilichorushwa 1995. Uzuri wake ni kwamba unavuta pembe mbili tu na karatasi nzima inafunguka, ukisukuma inajifunga. Nilikunja wiki tatu. Vidole vyote viliota sugu.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikaona karatasi nyeupe haina mvuto, nikaipulizia rangi ya fedha. Asubuhi mbele ya majaji navuta pembe, ikalia *kraaa* kama biskuti, ikagawanyika mapande mawili. Rangi ilikuwa imekauka ndani ya mikunjo. Nikasimama nimeshika nusu huku na nusu huku, nikasema "hii ni ishara ya udhaifu wa binadamu mbele ya ulimwengu". Jaji mmoja akaandika kitu kirefu sana kwenye karatasi yake. Mpaka leo sijui aliandika nini.

#6 Darubini
Mleta uzi, kabla ya projekta. Ni pulsa gani, na mapigo yake mmeyatoa wapi?

#7 NuruKidogo
Mkuu Darubini, swali langu lilikuwa la taa. Ila ni B1919+21, ile ya kwanza kabisa kugunduliwa.

@fundiwaya nashukuru, lakini tufe limeshafungwa. Kupitisha waya mnene mpaka katikati ni kubomoa upya. Ndiyo maana nasema projekta.

@Mzee wa Kimya tulianza mapema mzee wangu, yapo mambo yalitokea katikati.

#8 Darubini
Basi mmechagua nyota yenye kisa. Aliyeiona ni mwanafunzi, Jocelyn Bell, mwaka 1967 kule Cambridge. Antena yenyewe alishiriki kuijenga kwa mikono, nguzo zaidi ya 1,000 uwanjani. Matokeo yalikuwa yanachorwa kwa kalamu kwenye karatasi, kama mita 30 kila siku, na yeye ndiye aliyekuwa anazipitia kwa macho. Akaona kijichafuko kidogo ambacho mwingine angekiruka. Msimamizi wake alidhani ni kelele za mitambo ya watu. Walipoongeza kasi ya karatasi wakaona mapigo yamepangana sawasawa, moja kila sekunde 1.337. Yamenyooka kiasi kwamba walilipa jina la utani, LGM-1, kifupi cha maneno yenye maana ya "vijitu vya kijani", yaani viumbe wa sayari nyingine. Tuzo ya Nobel ya 1974 wakapewa wakubwa, Hewish na Ryle. Yeye hakuwemo.

Nasema haya kwa sababu moja. Chukua saa, hesabu mapigo ya tufe lako kwa dakika moja. Ukipata 45, au 44 kama ulichelewa kubonyeza, nyamaza endelea na taa zako. Ukipata vingine, njoo tuongee.

#9 SinaUsingizi
*anavuta kiti*

#10 Kimondo
Nyobeli wakapewa wakubwa, kazi kafanya mwanafunzi. Hii ndiyo sehemu ya anga inayofanana kabisa na chuo.

#11 Mzee wa Kimya
Mbona mleta uzi amekuwa bubu? Kuhesabu dakika moja kunachukua dakika moja.

#12 NuruKidogo
Nimehesabu. 47. Nikarudia, 42.

Sawa, ngoja nifunguke. Mapigo ya sasa hivi ni namba za bahati nasibu. Programu inachagua yenyewe, popote kati ya sekunde 0.7 na 2, halafu inawasha. Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwenzetu wa tatu, ndiye wa programu, alikuwa ameweka sekunde 1.337 isiyobadilika. Jamani, mliwahi kukaa mbele ya kitu kinachowaka kila sekunde 1.337? Ni indiketa ya gari. Watu tuliowajaribishia walisimama sekunde kumi wakaondoka. Nilipoweka namba za bahati nasibu wakaanza kukaa, mmoja akasema linapumua.

Ni sanaa wakuu, siyo maabara. Hata zile picha maarufu za Hubble, ile darubini iliyoko angani, zimepakwa rangi, na hakuna anayelalamika.

#13 Darubini
Kwenye kibandiko cha maelezo mmeandika nini?

#14 NuruKidogo
Kijitabu cha maonyesho kimeshachapwa, siwezi kukibadilisha.

#15 Darubini
Sijauliza kama kimechapwa.

#16 NuruKidogo
"Mapigo halisi ya pulsa B1919+21, yakifika kwako moja kwa moja kutoka angani."

#17 SinaUsingizi
Moja kwa moja 😂😂😂 Yaani hapo ukumbini mna darubini ya redio chini ya meza?

#18 fundiwaya
Kuhusu kubomoa: huna haja ya kupasua tufe lote. Mkanda unaanzia juu na kuishia chini? Basi ncha ya chini inafikika kwa mkono. Anza na hiyo peke yake uone.

#19 Mzee wa Kimya
Uongo ni uongo, uwe wa maneno au wa taa. Mtu anayedanganya kwenye kazi ya shule ndiye huyohuyo kesho anachora ramani ya daraja.

#20 Darubini
Nirudi kwenye Hubble, maana huo utetezi nausikia kila mara. Chukua Nguzo za Uumbaji, picha yake ya 1995 ya mawingu ya gesi na vumbi. Mwanga wa salfa wakaupa nyekundu, wa haidrojeni kijani, wa oksijeni bluu. Rangi ni za kuchagua, kweli. Lakini salfa ipo pale palipo na nyekundu, na ukiuliza utaambiwa kipi kilipewa rangi gani. Au rudi nyuma zaidi, Julai 1965, chombo cha NASA, Mariner 4, kinapita Mirihi. Wahandisi hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta itoe picha. Wakachapa namba za mwangaza kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani, wakazipaka kila moja kwa chaki za rangi kama watoto wa chekechea. Picha ya kwanza ya Mirihi kutoka chomboni kuonekana pale ilipakwa kwa mkono. Hiyo ni sanaa, tena tamu, na kila doa la chaki lina namba chini yake.

Wewe chini ya taa zako kuna nini?

#21 Chaki
Hapo kwenye chaki Darubini umenigusa, jina langu limetoka hukohuko. Nilifundisha kuchora miaka sita. Kuna mwaka mtoto alinichorea Zohali yenye mpini. Namuuliza mpini wa nini, ananijibu "sasa mwalimu utaishikaje?" Nikampa alama zote. Mleta uzi, watu wakikaa mbele ya tufe lako ndiyo kazi imefaulu. Mimi karatasi yangu ilivyopasuka hakukaa mtu.

#22 BintZuhura
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Swali: huyo mwenzenu wa tatu yuko wapi? Posti ya kwanza mko watatu, sasa hivi ni "nimeweka", "siwezi", "nimehesabu". Na hayo "mambo yaliyotokea katikati" uliyomwambia mzee hujayasema.

#23 NuruKidogo
Alijitoa. Siyo kwamba tulimfukuza, naomba ieleweke.

Niseme yote basi. Kwenye programu yake hakukuwa na ile 1.337 peke yake. Kuna mchoro mmoja maarufu wa hii pulsa, mistari myeupe kwenye weusi, milima milima, mapigo 80 yaliyofuatana yamepangwa moja juu ya jingine. Ulitoka kwenye tasnifu ya Harold Craft ya 1970, vipimo vya darubini ya Arecibo. Aliuchapa mkubwa kwenye karatasi, akachukua rula na penseli iliyochongwa kali, akapima kilele cha kila mstari. Milimita 11, milimita 4, milimita 19, hivyo hivyo mpaka 80. Mstari wa 30 na kitu hivi vilele vinagusana na vya mstari wa juu, huoni kipi cha nani, pale alipima mara tatu. Usiku mzima. Namba hizo ndizo zilizokuwa zinaamua pigo liwake kwa nguvu kiasi gani.

Mimi nikafuta jedwali nikaweka bahati nasibu, kwa sababu nilizokwisha kusema. Aliporudi akaona, akasema kama ni hivyo jina lake litoke kwenye kijitabu. Lilikuwa limeshapelekwa kuchapwa. Hatuongei tangu siku hiyo.

Nilidhani swali la taa lingetosha.

#24 SinaUsingizi
Duh. Aliyepima mara tatu kwa rula ukamfuta kwa mstari mmoja.

#25 Kimondo
Nimeacha kucheka.

#26 BintZuhura
Mimi nasema huu uzi ni chai, na nitawaonyesha majani.

Kwanza, taa 300 zikiwaka nyeupe kwa nguvu zote kila moja inakula hadi miliampea 60. Zidisha, ni ampea 18. Mwanafunzi anayeshangaa wekundu wa mwisho wa mkanda ameuwasha kwa nini, transfoma ya nguzoni? Angesema chaja yake imeungua, asingesema "za mwisho nyekundu".

Pili, na hili ndilo kubwa. Posti namba 23 imehaririwa, nendeni mkaangalie alama chini. Mimi nilikuwa nimeshainukuu kabla hajaibadilisha. Ilisomeka hivi: "pale nilipima mara tatu." Siyo alipima. Nilipima.

Mtu aliyefuta kazi ya mwenzake hajui mstari wa 30 na kitu una matatizo gani. Wala hajui penseli ilichongwa kali. Anayejua ni aliyeshika rula. Mleta uzi ndiye huyo huyo aliyejitoa, amejivika sura ya aliyemkosea ili sisi tumtukane kwa niaba yake.

#27 SinaUsingizi
KITI KIMEVUNJIKA

#28 Mzee wa Kimya
Nilisema mimi. Tangu siku 9 nilisema.

#29 Kimondo
Mzee hukusema hivyo, ulisema kuhusu usiku wa mwisho.

#30 fundiwaya
Hoja ya kwanza ya BintZuhura haisimami. Hakuna anayewasha taa 300 kwa nguvu zote kwenye majaribio. Ukiweka mwangaza 20 kati ya 255, zile ampea 18 zinashuka hadi 1.4 hivi, chaja nzuri ya simu ya ampea 2 inabeba. Akipandisha ndipo wekundu unaanza. Inalingana kabisa na alichosema posti namba 1. Hoja ya pili siijui, mimi ni wa waya.

#31 NuruKidogo
Ni 20 kweli, chaja ya ampea 2. Asante fundi.

Kuhusu "nilipima", kidole kiliteleza, nikasahihisha. Naandika kwenye simu saa nane usiku. Nimekaa naye meza moja miaka mitatu, kwa nini nisijue penseli yake?

#32 BintZuhura
Kwenye kibodi "a" na "ni" haziko jirani.

#33 Chaki
Jamani hata mimi nikisimulia kisa cha mke wangu huwa naanza na "nilipojifungua". Mambo ya kuishi na mtu.

#34 BintZuhura
Chaki, wewe hata ukiniambia saa ngapi nitaangalia dirishani.

#35 Darubini
Awe nani, sina shida. Mtanisamehe, mimi nimebaki na lile jedwali la rula tangu posti 23.

Hivi mnaelewa alichokuwa nacho huyo mtu? Malalamiko yalikuwa kwamba pulsa ni indiketa. Sasa pulsa ya kweli saa yake haiyumbi, lakini nguvu ya pigo inayumba sana. Moja linakuja kubwa, linalofuata hulioni kabisa, halafu mawili ya wastani. Indiketa haifanyi hivyo. Jedwali lake lilikuwa na vyote viwili, muda usiobadilika na nguvu inayobadilika. Swali langu kwa mleta uzi: siku ile watu waliposimama sekunde kumi wakaondoka, namba 80 zilikuwa zinafanya kazi, au taa zilikuwa zinawaka kwa nguvu moja?

#36 NuruKidogo
Ngoja niangalie faili la zamani.

#37 SinaUsingizi
Nimeleta kiti kingine.

#38 NuruKidogo
Nimeliona. Jedwali lilikuwemo, lakini mwangaza wa juu ulikuwa umefungwa kwenye 20 kwa sababu ya ile chaja. Kwa hiyo namba za milimita 4 na za milimita 19 zote zilikuwa zinabanwa pale chini, tofauti yake huioni kwa macho. Pigo kubwa na dogo yote yanafanana.

Kwa hiyo haikuwa indiketa kwa sababu ya namba zake.

#39 fundiwaya
Kwa hiyo ilikuwa umeme.

#40 Darubini
Fungua mwangaza, mpe jedwali nafasi. Mapigo 80 mara 1.337 ni sekunde 107, halafu inaanza upya. Hakuna mgeni atakayegundua mzunguko, na akigundua mpe mkono.

Kibandiko sasa. "Moja kwa moja kutoka angani" ondoa, hiyo haina namna. Andika mlichofanya: mapigo 80 ya B1919+21, vilele vyake vimepimwa kwa rula kutoka mchoro wa 1970. Mimi nikiwa jaji hilo neno rula ndilo litakalonisimamisha. Kijitabu kikiwa kimechapwa, chapisha ukanda mdogo wa masahihisho uubandike juu, watu wanafanya hivyo kila siku.

Na jina lake uliza mwenyewe, siyo humu.

#41 BintZuhura
"Uliza mwenyewe." Atajiulizaje?

#42 Mzee wa Kimya
Mwanangu, mwombe msamaha kabla ya kugusa waya hata mmoja. Taa zitasubiri.

#43 fundiwaya
Taa hazisubiri, ana siku 9. Au ni 8 sasa? Pata umeme wa volti 5 wenye ampea za kutosha, siyo chaja. Ukitumia viwili, chanya zake usiziunganishe, kila kimoja kilishe kipande chake cha mkanda. Hasi unganisha zote pamoja, na ya Arduino, kile kibao kinachoziamuru taa, humohumo, la sivyo zitaanza kucheza rangi zozote zinazojisikia.

#44 Kimondo
Na zikianza kucheza rangi zozote msiseme ni data halisi.

#45 NuruKidogo
Mrejesho wakuu.

Jedwali limerudi, sekunde 1.337. Mwangaza nimeufungua mpaka 120. Nimezima taa ya chumba nikakaa mbele yake nusu saa. Kuna pigo moja, kama la 50 hivi, linakuja baada ya matatu hafifu, na tufe lote linaruka, hata ukiwa unalisubiri linakushtua. Hilo kwenye karatasi ni milimita 23.

Kibandiko kipya kimeandikwa kama alivyosema Darubini. Tumeongea. Jina limebaki.

BintZuhura, sitajibu tena.

Ila taa za mwisho bado nyekundu.

#46 BintZuhura
"Jina limebaki." La nani? 😏

#47 fundiwaya
Mkuu, soma posti namba 2.